Mandarin wa Iron Man 3 hakuharibiwa, nyie mlikuwa mnamsubiri mtu mwingine

Mtoa mada kaandika kwamba Iron Man 3 ni dharau kwa mashabiki, kwamba Marvel walituonesha adui wa kutisha, huyo Mandarin, kwenye trela afu ndani wakatuletea mlevi, na mwisho kauliza kama humu kuna mtu mwenye akili zake anaweza kuitetea ile sehemu ya katikati kwa hoja na sio kwa mapenzi ya Robert Downey Jr, anayeigiza Tony Stark, yule tajiri fundi mwenye suti ya chuma ambaye ndo Iron Man. Nipo mkuu. Na kama kuna mtu hajaiangalia mpaka leo, muvi ni ya 2013, asije kunilaumu kwamba nimemuharibia.

Tukumbushane kidogo. Nusu ya kwanza tunamuona Mandarin wa Ben Kingsley, huyu huyu aliyechukua Oscar kwa kuigiza Gandhi, ndevu ndefu, majoho, vidole vyote pete, anaingilia matangazo ya TV za Marekani anaongea taratiiibu kama anahubiri, anasema yeye ni mwalimu. Mabomu yanalipuka, Happy Hogan, mlinzi na rafiki wa Tony, anaumizwa vibaya kwenye mlipuko wa Chinese Theatre, ukumbi wa sinema wa Los Angeles, Tony Stark kwa hasira anataja anwani ya nyumbani kwake mbele ya waandishi wa habari na helikopta zinakuja zinaishusha nyumba nzima baharini. Afu Tony anamfuata mpaka Miami, hana suti yake ya chuma, ana silaha za kuungaunga alizotengeneza na vitu vya duka la vifaa vya ujenzi, ananyata mpaka chumbani kwa gaidi namba moja wa dunia, anakuta kitanda, wanawake wawili, na anasikia choo kinaflashiwa. Anatoka Mandarin mwenyewe, anashauri watu wasiingie mle kwanza kwa dakika ishirini. Jina lake Trevor Slattery, muigizaji wa jukwaani aliyechoka, kakodiwa na mfanyabiashara Aldrich Killian ambaye askari wake aliowachoma dawa ya Extremis wanalipuka wenyewe, sasa anahitaji mtu wa kubebeshwa hiyo milipuko.

Hapo ndo dunia iligawanyika.

Mi wakati ule nilikuwa namsaidia braza kwenye banda lake la video Mbagala, mchana tunaonesha muvi jioni mpira, pembeni kuna kompyuta ya kuwawekea watu muvi kwenye flashi. Ile iliyotafsiriwa Kiswahili ilikuwa haijafika kwahiyo tukaweka ya Kiingereza hivyo hivyo, na wateja wetu wengi Kiingereza chao kilikuwa cha kuombea maji. Ilipofika pale chooni banda zima lilikaa kimya kwanza, watu wanaangaliana, afu Trevor alipoanza kujikunjakunja na kuomba asipigwe usoni wakapasuka, yani watu wanapiga mabenchi. Kulikuwa na mzee mmoja muuza mishikaki ana kawaida ya kuja kukaa mbele kabisa kabla hajawasha jiko lake, haelewi neno hata moja la Kiingereza, akageuka nyuma akasema kwa sauti: "Huyu kapewa mdomo tu, mwenye mali yule mwenye suti." Muvi ilikuwa bado haijatuambia waziwazi kwamba Killian ndo Mandarin! Mzee kaunganisha mwenyewe, kwasababu maisha yake yote kaona wapiga debe na kaona mwenye gari ni nani.

Waliokuja kulalamika ni wale vijana wa flashi, wanaosoma mambo ya komiki mtandaoni, wale waliingia na Mandarin wao kichwani. Siwacheki, nawaelewa, unapewa trela ile halafu unaletewa Trevor, unaona umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini trela kazi yake ni kuuza, na hapa trela ilikuwa inafanya kitu kile kile ambacho Killian anafanya ndani ya muvi, inakuuzia sura. Ulivyoogopa kwenye trela ndivyo Marekani ya ndani ya muvi ilivyoogopa. Sijaona muvi nyingine ya superhero iliyothubutu kumfanya mtazamaji mwenyewe awe ndo aliyepigwa changa la macho.

Na hii hoja ya kwamba muongozaji Shane Black alikuja na vitu vyake hakuheshimu zilizotangulia, hapana jamani, nendeni mkaangalie ya kwanza ya 2008. Wale waliomteka Tony kule Afghanistan wanaitwaje? Ten Rings, yani Pete Kumi, kama zile za Mandarin. Wana bendera, wana pango, wana kamera ya kurekodi mateka. Na aliyewapa kazi ya kumuua Tony ni nani? Obadiah Stane, mshirika wake wa biashara, mzee aliyekuwa akimletea pizza na kumshika bega. Ya pili, 2010, Ivan Vanko anapiga mijeledi ya umeme pale Monaco lakini anayemtoa jela na kumpa karakana ni Justin Hammer, muuza silaha. Sasa ya tatu ikikuambia nyuma ya gaidi kuna mfanyabiashara, hiyo ni mara ya tatu hadithi hii inakuambia kitu kimoja, tofauti ni kwamba safari hii wamekuficha wewe pia mpaka katikati. Adui wa Iron Man hajawahi kuwa mtu wa pangoni, adui wake siku zote ni mtu anayefanana na Tony kabla hajatekwa. Killian mwenyewe katengenezwa na Tony, usiku wa mwaka mpya 1999 kule Bern Uswisi alimwambia amsubiri juu ya paa na hakwenda, na muvi inafungua kwa Tony kukiri hilo kwa mdomo wake.

Mnaosema "wangemleta Mandarin wa kwenye komiki kama alivyo", mmeshamuona huyo wa komiki lakini? Katoka kwenye Tales of Suspense namba 50, 1964, kazi ya Stan Lee na Don Heck, na ni ndugu wa moja kwa moja wa Fu Manchu, yule Mchina mbaya mwenye masharubu na kucha aliyebuniwa na Muingereza Sax Rohmer miaka ya 1910 ili Wazungu wawaogope watu wa Asia. Sasa mwaka 2013 umlete vile vile na pete zake? Kulikuwa na njia mbili, umsafishe mpaka asiwe yeye, au uifanye hiyo hofu yenyewe kuwa ndo hadithi. Trevor kavalishwa kila kitu ambacho Mmarekani anaogopa, majoho huku, ndevu kule, lafudhi isiyojulikana ya wapi, na hiyo haikutokea kwa bahati mbaya, Killian anaeleza kabisa kwamba anataka awe na kiongozi wa nchi mkono mmoja na gaidi mkono mwingine, vita aviuze pande zote.

Hapa naomba niseme kitu kwa uangalifu. Sisi wa Dar na wenzetu wa Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, siku ya mabomu ya balozi za Marekani, hatuhitaji kuelezwa, mi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka wakubwa walivyokuwa wanazungumza kwa sauti ya chini. Baada ya hapo miaka na miaka tukawa tunaona kanda za mtu mwenye ndevu kwenye TV. Sisemi yale yalikuwa maigizo, asije mtu hapa na nadharia zake, waliokufa walikufa kweli. Na hata ndani ya muvi wanaokufa wanakufa kweli, cha kukodi ni sura tu. Ila hiyo haituzuii kuuliza kuna watu wangapi walitajirika kwa kutuuzia mageti, kamera na helikopta baada ya kila kanda. Muvi ya kuuza wanasesere imeuliza hilo swali, mi naipa heshima yake.

Ukitaja wanasesere, hapa ndo nakubaliana na wapinzani. Shane Black mwenyewe alikuja kusema 2016 kwamba kwenye muswada wa mwanzo adui mkuu alikuwa mwanamke, wakaubadilisha kwasababu juu waliona mwanasesere wa kike hatauzika. Ukijua hilo ukirudi kuangalia unaona kovu kabisa, Maya Hansen, yule mwanasayansi wa Extremis, analetwa na umuhimu wote ule afu anapigwa risasi kama mpita njia. Na Killian akishaanza kuwaka moto pale bandarini anakuwa adui wa kawaida tu, anavua shati anapiga kelele kwamba yeye ndo Mandarin, tumeelewa kaka. Mwisho nao umekimbizwa, mtu kakaa na vipande vya chuma karibu na moyo muvi nne, afu anafanyiwa operesheni ndani ya sekunde kadhaa huku sauti inasimulia. Kama tangu mwanzo iliwezekana si angefanya mapema? Hapo sina utetezi.

Kingine kisichonifurahisha ni Marvel wenyewe kuogopa kelele. 2014 wakatoa ile filamu fupi ya Trevor akiwa jela, wakasema aah Mandarin wa kweli yupo jamani tulieni. Huo niliuona ni uoga. Ila nakiri uoga huo ndo uliotuletea Wenwu, huyo Mandarin wa kweli, wa Tony Leung kwenye Shang-Chi 2021, baba anayelia mkewe na kubomoa kila kitu kwa ajili yake, na pale mezani anawacheka Wamarekani kwa kumuogopa mtu waliyempa jina la kuokoteza. Bila Trevor kuchoma kwanza lile joho la 1964 huyu Wenwu asingepata nafasi ya kuwa binadamu. Mliokuwa mnalia mlipewa mlichotaka miaka minane baadae na kilikuwa kizuri kuliko mlichokuwa mnaomba.

Kuna mdau hapo juu kachomekea Man of Steel, muvi ya Superman ya 2013 hiyo hiyo, kwamba Superman kuvunja shingo ya adui yake Zod ni kosa lisilosameheka kwasababu Superman haui. Kwa kifupi tu: Superman II ya 1980 Zod ananyang'anywa nguvu halafu anatupwa kwenye shimo, na komiki ya John Byrne ya 1988 Superman anawaua wahalifu watatu wa Krypton kwa makusudi kabisa. Sasa haui wapi? Mi shida yangu na Man of Steel sio shingo, ni kwamba mji umelala chini afu dakika mbili baadae tunapigwa utani. Bandani kwetu kwanza hilo halikuwa hata mjadala, watu waliolelewa na Rambo na Commando wanamshangaa steringi ambaye HAUI.

Lawama iliyobaki, kwamba Tony yuko bila suti robo tatu ya muvi na analialia. Hiyo analialia naipinga kabisa. Kaangalie ile sehemu ya mgahawani, mtoto kamletea mchoro wa ile vita ya New York ya kwenye The Avengers asaini, Tony kashika kalamu ya rangi, mkono unakaza mpaka kalamu inavunjika, anatoka mbio anajifungia ndani ya suti anamuuliza Jarvis, kompyuta yake inayoongea, kama ni moyo au sumu, Jarvis anamjibu ni mshtuko wa hofu. Tajiri kuliko wote, kaokoa dunia, anauliza mashine yake kama anakufa. Mi nilishavamiwa usiku natoka bandani, walichukua simu na hela za siku, sikuumizwa hata kidogo, lakini kwa muda mrefu pikipiki ikipunguza mwendo nyuma yangu moyo unaenda mbio magoti yanalegea na naona aibu kumwambia mtu. Muvi za superhero nyingi zinapiga mji wote halafu wiki ijayo mtu anakula shawarma. Hii ndo ya kwanza niliyoona inasema hapana, usiku halali huyo. Na kumvua suti ndo kulimpa Harley, yule dogo wa Tennessee, nafasi ya kumwambia kama wewe ni fundi basi tengeneza kitu, ndo akaenda dukani kununua yale makorokoro. Ukimuacha ndani ya chuma muda wote hiyo huipati.

Mkuu umesema unataka kuirudia uone kama utabadili mawazo. Irudie, ila nakuomba ile iliyotafsiriwa uiache, mtafsiri anawasemea wote kwa sauti moja kwahiyo Mandarin na Trevor wanaongea sawasawa na utamu wote unapotea, hata mimi braza alipokuja kuipata hiyo nikashangaa watu wanaitoka kabla haijaisha. Tafuta ya Kiingereza, kaa karibu na spika, sikiliza Kingsley anavyoongea kwenye zile kanda za TV afu sikiliza anavyotoka chooni. Usiangalie pete. Ukimaliza rudi hapa tuendelee.