Maswali na majibu: Seti za chai, za bibi na za dukani

Safari hii maswali yenu karibu yote yamehusu vyombo vya chai. Nimeyafupisha kidogo.

Shikamoo. Bibi yetu alifariki mwaka jana, ametuachia seti ya chai ya maua: vikombe sita, visahani, buli na kijagi cha maziwa. Mjomba anasema ina zaidi ya miaka mia. Tutajuaje? (Upanga)

Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Maua yaacheni kwanza, maana mchoro mmoja unaweza kuendelea kutengenezwa kwa vizazi. Pindueni kikombe msome mhuri wa chini.

Kama kuna jina la nchi, kwa mfano "England", kwa kawaida chombo ni cha mwaka 1891 au baadaye. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa zinazoingia huko zioneshe zilikotoka, na viwanda vya Uingereza vikafuata. Maneno kamili "Made in England" mara nyingi ni ya karne ya 20. Mkiona "Rd No" na tarakimu, huo ni usajili wa mchoro au umbo ulioanza mwaka 1884; unawaambia mchoro ulisajiliwa lini, hauwaambii kikombe kilitoka lini tanuruni. Vyombo vya Japani navyo vina lugha yake: "Nippon" ni vya kabla au karibu na mwaka 1921, na "Occupied Japan" ni vya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nchi ilipokuwa chini ya Wamarekani hadi 1952.

Sasa angalieni mtego unaowanasa wengi. Mhuri wa Wedgwood unaweza kuandikwa 1759. Huo ni mwaka wa kuanzishwa kiwanda, na umo hata kwenye vikombe vya juzi. Vivyo hivyo seti ya Royal Albert ya mawaridi mekundu na manjano, Old Country Roses, huandikwa 1962, mwaka mchoro ulipotoka. Kikombe chenyewe kinaweza kuwa cha miaka ya 2000, utengenezaji ulipokwishahamia Indonesia. Kama seti ya bibi ni hiyo, mwambieni mjomba kwa upole kwamba mia haijafika.

Halafu tazameni palipochakaa. Chombo kilichotumika kweli kina mikwaruzo kwenye ukingo wa chini, na dhahabu imefifia kwenye mkono pale kidole kinaposhika. Linganisheni mihuri ya vyombo vyote. Kikombe kimoja kikiwa na mhuri tofauti, huenda bibi alivunjikiwa akatafuta mwenzake. Mnunuzi atapunguza bei kwa hilo. Mimi nisingekitoa kwenye seti: ndicho kinachoonesha kwamba aliitunza na akaendelea kuwapa watu chai.

Kamati yetu ya kichen pati inataka kumnunulia bibi harusi seti nzuri ya chai Kariakoo. Tuangalie nini? (Tabata)

Kwanza ulizeni kwao chai inapikwaje. Mabuli mengi ya umbo la Kizungu yametengenezwa kwa chai ya majani yaliyomiminiwa maji ya moto. Ndani, pale mdomo unapoanzia, kuna vitundu vya kuzuia majani. Chai yetu ya maziwa, iliyochemshwa sufuriani na tangawizi na iliki, ina utando, na utando huo unaziba vitundu vile kikombe cha pili hakijajaa. Kwa nyumba ya chai ya maziwa tafuteni buli lenye mdomo mpana usio na vitundu, au nunueni vikombe vizuri na chupa ya chai ya uhakika, hela ya buli iongezeni kwenye idadi ya vikombe.

Msinunue kwa macho. Mwombeni muuzaji maji, mimineni. Mdomo mzuri hukata maji mara moja. Mbaya huacha tone linateremka tumboni hadi kwenye kitambaa cha meza. Inamisheni buli mkiwa mmeshika mkono tu: kifuniko kikichezacheza, siku moja kitaangukia kikombe cha mkwe. Wekeni kila kikombe juu ya kaunta muone kama kinayumba. Kigongeni taratibu kwa ukucha; kizima kinalia, chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa.

Ushauri wangu ni seti nyeupe isiyo na dhahabu, vikombe kumi na viwili, kutoka duka linalouza pia kimoja kimoja. Sita havitoshi hata kwa wageni wa futari. Seti yenye ukingo wa dhahabu haiingii kwenye maikrowevu, na kikivunjika kimoja kumpata pacha wake ni kazi.

Asalaam aleikum. Nimesikia vikombe vya bone china vina mifupa ndani. Ni kweli? (Mbagala)

Waaleikum salaam. Ni kweli. Ni kauri iliyochanganywa na majivu ya mifupa, kwa desturi ya ng'ombe, na kwa kanuni ya zamani ya Waingereza majivu hayo hukaribia nusu ya mchanganyiko. Ustadi huo ulikomazwa Staffordshire, Uingereza, mwishoni mwa karne ya 18, na jina la mfinyanzi Josiah Spode ndilo linalotajwa zaidi. Mifupa huchomwa hadi kuwa unga mweupe, kisha chombo kizima huchomwa tena kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Hukumu ya dini muulize shekhe wako, nawe mpe maelezo haya. Ukipendelea kukaa mbali nayo, kauri ya kawaida ipo tele na ni imara. Kuzitofautisha, nyanyua kikombe mbele ya taa na pitisha vidole nyuma yake: ya mifupa huonesha kivuli cha vidole na weupe wake una umaziwa.

Seti yangu imeandikwa EPNS na inakuwa nyeusi kila mara. Naishi Kigamboni, karibu na bahari. (Kigamboni)

EPNS si fedha tupu. Ni aloi ya shaba, nikeli na zinki iliyopakwa fedha kwa umeme, ufundi uliopewa hataza Uingereza mwaka 1840. Weusi unatokana na salfa ya hewani, na unyevu wa pwani unauharakisha. Usisugue kwa jivu wala stilwaya: tabaka la fedha ni jembamba, likiisha utaona umanjano wa aloi. Tandika karatasi ya alumini ndani ya beseni, weka chombo kiiguse, nyunyiza soda ya kuokea, mimina maji ya moto. Weusi utahamia kwenye alumini. Buli lenye mkono wa mbao usilizamishe. Ukimaliza, kausha kabisa, funga kwa kanga kuukuu iliyofuliwa, na usilifunge kwa mpira, maana mpira nao una salfa.

Kikombe cha zamani chenye ufa, nikikigundisha naweza kukinywea? (Sinza)

Hapana. Kiweke kabatini. Na hata kizima cha zamani sana, chenye rangi kali upande wa ndani, usikitumie kwa chai ya ndimu wala usimpe mtoto. Rangi na ung'ao wa kale mara nyingi vilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na asidi huyatoa.

Rafiki yangu anaokota vipande vya kauri ya Kichina kwenye magofu ya Kunduchi. Nami nianze kukusanya? (Mtongani)

Usianze, na mwenzako mwambie aache. Makaburi yale ya nguzo ya karne ya 18 yalipambwa kwa mabakuli ya China, na mengi yalishang'olewa, yakabaki mashimo. Eneo linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kipande kilicholala pale kinawaeleza wataalamu biashara ilifika lini na kutoka wapi. Kikishaingia kwenye droo yako hakisemi tena. Ukitaka kuijua kauri ya kale kwa karibu, nenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ukaone vyombo vilivyofukuliwa Kilwa. Kwa kukusanya, anza na vikombe vya bati vya maua vilivyojaa kwenye nyumba za wazee wetu. Bei yake bado ni ya chini, wanaovitafuta ni wachache, na vinazidi kutupwa kila nyumba inapohamwa. Chagua ambavyo rangi haijabanduka kwenye mdomo, maana hapo ndipo kutu huanzia.