Gari la babu yako halikukimbia Safari

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu Upendo,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza: "Baba, mbona kwenye televisheni hukusema kwamba gari la babu lilikimbia Safari? Au wamekata?"

Kukata wamekata, nitafika huko. Ila hilo sikulisema, kwa sababu gari halikukimbia hayo mashindano ya magari ya Safari.

Peugeot 404, kama hilo la babu yako, zilishinda Safari kweli: 1963, 1966, 1967 na 1968. Bert Shankland, aliyeshinda 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell, alikuwa mkazi wa Dar es Salaam, na sisi watoto wa Kibosho tulijigamba naye kama shemeji yetu. Lakini la babu yako alilinunua kwa fedha za kahawa, likiwa limeshatumika, akabebea mbolea, ndizi na wagonjwa. Ule mlango wa kushoto niliowaambia umebonyezwa na jiwe la mashindano, aliubonyeza mwenyewe kwenye nguzo ya geti la kanisa, siku ya harusi ya shangazi yako.

Unakumbuka mlivyokuwa mkiniomba niwashushe mbali na shule, wenzenu wasilione? Liliniuma, mwanangu. Asubuhi moja nikawatungia hadithi hiyo tukiwa njiani. Kesho yake mkataka niwafikishe hadi mlangoni, na honi nipige. Baada ya hapo ningeifutaje?

Hao watu wa kipindi walifika alfajiri, wakitaka Kibo uonekane kabla wingu halijaufunika. Kona moja ya barabara ya Kibosho tuliipita mara tisa, polepole, mpiga picha akiwa nyuma ya pikapu mbele yetu, miguu inaning'inia. Mara ya saba rejeta ikachemka. Tukaegesha kando ya mgomba, na mama mmoja aliyekuwa akienda sokoni akatuuliza kama tunahitaji watu wa kusukuma! Halafu wakafunga kinasa sauti karibu na ekzosi, wachukue mlio peke yake. Mtangazaji akaomba kuliendesha. Kijana wa watu alipapasa sakafuni akitafuta gia, nami nikamwacha apapase kidogo kabla ya kumwonyesha kwamba ipo kwenye usukani.

Mwisho tukasimama kando ya gari, akaniuliza: "Mzee, nasikia hili ni la Safari?" Kumbe fundi wangu ndiye aliyemdokezea, naye fundi aliisikia kwako mlipokuja Krismasi. Kamera iko usoni, mkono wangu uko juu ya kile kibonyeo. Kuwasimulia watoto kwenye kiti cha nyuma ni jambo moja. Kuwaambia Watanzania wote, babu yako akiwa kaburini hatua chache tu kutoka pale, sikuweza. Nikasema, "Hapana kijana, hili lilibeba mbolea." Nikamweleza na habari ya nguzo ya kanisa, kirefu.

Hicho ndicho walichokata. Wakabakiza mlima na mlio.

Mama yako analalamikia shati nililovaa. Desemba mkipanda, niletee mpira wa mlango kutoka Dar, huku siupati. Na huyo mjukuu wangu uliyemsimulia, mwache kwanza. Nitamwambia mwenyewe, akiwa amekaa kiti cha mbele.

Baba yako