Kocha anataka kijana aombe chuo mapema: je, msaada wa fedha utapungua?

Mkuu, hili tumelipitia na binti yangu, mkimbiaji wa mita 1500. Umesema kijana wako anakimbia 800, kocha wa chuo cha Marekani cha Divisheni ya Tatu (ngazi ya tatu ya mashindano ya vyuo) anamtaka, na amemwambia aombe kwa ule mkondo wa mapema wa Novemba unaomfunga mwombaji: ukikubaliwa unaenda, na maombi ya kwingine yote unayafuta. Unaogopa kwamba mkishajifunga, chuo kitawabana kwenye pesa. Inategemea chuo chenyewe kinagawaje pesa zake. Kocha hana kauli hapo.

Divisheni ya Tatu ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, haitoi ufadhili wa michezo, hata senti. Ivy League, vile vyuo vinane vikongwe kama Harvard na Yale, wako Divisheni ya Kwanza lakini nao walikubaliana tangu 1954 kutotoa. Kocha akisema anakutaka, anachokupa ni msukumo kwenye ofisi ya udahili. Majina anayoweza kuyasukuma ni machache, kwa hiyo hataki alitumie moja kwa mtu atakayeishia kwa wapinzani wake. Ndiyo maana wanang'ang'ania mapema. Kwa udahili msukumo huo ni mkubwa kweli. Kwa pesa ni sifuri, kwa sababu kanuni za Divisheni ya Tatu zinakataza kipaji cha michezo kuingizwa kwenye hesabu ya msaada. Kocha mmoja alituambia kwenye simu, "Pesa msihofu, tutaliweka sawa." Mke wangu akamuuliza, "Nani ataliweka sawa, wewe au ofisi ya fedha?" Kimya kidogo, halafu akatutajia namba ya ofisi ya fedha.

Sasa vyuo vyenyewe. Williams, Amherst na Bowdoin wanatoa msaada kwa kuangalia uwezo wa familia tu, na wanaahidi kuziba pengo lote wanaloliona kwenye hesabu yao. Bowdoin waliondoa mikopo kwenye msaada wao tangu 2008. Kwenye vyuo vya namna hii, kuomba Novemba au Januari hakubadilishi hesabu. Balaa liko kwenye vyuo vinavyotoa punguzo la ufaulu, yaani punguzo la ada kwa sababu ya alama nzuri, si uwezo wa familia. Huko bei ni ya mazungumzo, na silaha ya mzazi ni barua ya chuo kingine kilichotoa zaidi. Ukishajifunga huna barua hiyo. Ni kama kwenda mnadani umeshamwambia muuzaji kwamba hutoki bila ng'ombe wake. Kama chuo cha kijana wako ni cha aina hii na mnategemea punguzo, mimi nisingesaini.

Kabla ya kusaini chochote, daini makadirio ya msaada. Kuanzia Julai, kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari, kocha hupeleka matokeo ya masomo ya mtoto udahili wayapitie mapema. Wakati huohuo iombeni ofisi ya fedha nayo ipitie karatasi zenu. Kikokotoo cha gharama kilichopo kwenye tovuti ya kila chuo kinasaidia kwa familia yenye mshahara mmoja mnyoofu; ukiwa na lori lako au biashara, kinadanganya. Sisi tulipeleka ritani za kodi na kujaza CSS Profile, fomu ya msaada inayotakiwa na vyuo vingi binafsi, ambayo inachimba kuliko FAFSA, fomu ya msaada ya serikali ya Marekani: inauliza hata nyumba mnayoishi. Kiwanja chetu cha Arusha tuliandika, na pesa tunazowatumia wazee tukazieleza kwenye sehemu ya hali maalumu. Makadirio yakija, usisome jumla ya chini. Tenganisha ruzuku (pesa isiyorudishwa), kazi ya chuoni na mkopo, maana vyote huandikwa "msaada".

Mlango wa kutokea upo. Mkataba wa maombi ya mapema, ambao mzazi na mshauri wa shule nao husaini, unaruhusu kukataa nafasi kama msaada hautoshi. Kwanza ombeni ofisi ipitie upya, mkionyesha namba zenu. Lakini majibu hutoka katikati ya Desemba na vyuo vingi hufunga maombi mwanzoni mwa Januari, kwa hiyo insha za vyuo vingine ziwe zimeshaandikwa, la sivyo Krismasi yenu imekwisha.

Kwa wenye mpwa aliye bado Iten au Arusha, asiye raia wa Marekani: huyo FAFSA haimhusu, na vyuo vingi vitapima uwezo wake wa kulipa wakati wa kumchagua. Asiache kuomba msaada ili aonekane anajiweza, kwani vingi havimruhusu kuomba tena baadaye. Amherst, Bowdoin na Dartmouth hawaangalii uwezo huo wanapowachagua wageni.

Na faida moja ambayo makocha hawaitaji: msaada wa uwezo wa familia haujafungwa na timu. Binti yangu aliumia mfupa wa mguu mwaka wa pili akaacha mbio, na ruzuku haikuguswa. Kule Divisheni ya Kwanza kwenye ufadhili wa michezo, anayejitoa timu kwa hiari anaweza kuupoteza.

Makadirio yakitoka, weka tarakimu hapa bila jina la chuo. Nitazitazama nikitoka zamu ya usiku.