Mjane aliyenyang'anywa shamba akaambiwa apande mbegu

SWALI

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi kijijini wilaya ya Bahi. Mume wangu alifariki mwaka juzi. Tulipoanua matanga, ukoo ulikaa ukaamua shemeji anirithi, na kwanza twende wote kwa mganga tujue nani kamuua marehemu. Nilikataa yote mawili kwa sababu nimeokoka. Wakasema anayeogopa ramli ana jambo anaficha. Wakachukua ng'ombe na shamba la mtama, wakaniachia kibanda na jaruba moja lisilokaa maji. Mama mkwe huja usiku na kibuyu cha maziwa kwa ajili ya wajukuu, akiomba nisimwambie mtu.

Jirani alinipeleka Dodoma mjini kwenye mkutano wa mtumishi mmoja. Akasema umaskini wangu ni laana ya ukoo, nipande mbegu inayouma ili Mungu anirudishie mara mia. Niliuza mbuzi wawili waliobaki, nikatoa fedha yote, nikaahidi na laki mbili nyingine. Hakuna kilichobadilika, ila sasa wananipigia simu kudai ahadi. Na kanisani kwetu mzee mmoja ananiambia ninyamaze, heri wenye kuudhiwa, Mkristo hashitaki ndugu. Je, Mungu amenikataa? Nirudi kwa shemeji ili watoto wale? Faraja ninayohubiriwa naitafuta siioni.

JIBU

Amina, asifiwe. Mbukwa, mama, kwa salamu ya Kigogo.

Mungu hajakukataa. Natangulia kusema hilo kwa sababu nimeisoma barua yako kwa hasira, nisije nikapotelea kwenye hasira nikasahau jibu lako. Na hasira yenyewe si juu yako. Mwenye njaa akiambiwa kuna mlango wa kutokea, ataukimbilia. Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana kuyakimbilia mafuta ya upako. Sijawahi kuwacheka wale watu, na ninyi mnaotoa mbuzi wa mwisho siwacheki. Nina ugomvi na anayepokea.

Tuanze na hiyo laana. Ukanda wetu huu wa Dodoma, Ugogo, unapata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na ikikata Februari mtama ukiwa unatoa masuke, basi. Wazee wa Ugogo waliusimulia Mtunya, njaa iliyoandamana na Vita Kuu ya Kwanza: majeshi ya Wajerumani kisha ya Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, halafu ukame ukafuata. Watu walikufa kwa maelfu, wenye dini na wasio na dini. Anayekuja leo na kipaza sauti akasema umaskini wa Mgogo ni laana ya babu zake anawatukana marehemu wetu, na anawasafisha waliokula ng'ombe wao. Umaskini wako wewe una asili fupi zaidi: ulikuwa na ng'ombe na shamba, watu wakavichukua. Wanajulikana kwa majina. Kuuita huo wizi laana ni kumsingizia Mungu alichofanya shemeji.

Maandiko wanayotumia nayajua, maana jukwaani ni yale yale. La kwanza ni mjane wa Sarepta, 1 Wafalme 17, aliyekuwa na konzi ya unga akaambiwa amtangulizie nabii mkate. Soma yote. Eliya alihamia kwa yule mama. Alikaa katika nyumba ile ile, ukame ule ule, akala kutoka pipa lile lile, siku baada ya siku. Hakupokea unga akaondoka nao kwa gari. Na mstari wa 17 hausomwi jukwaani: baada ya kutoa, mtoto wa yule mama aliugua akafa. Mungu akamrudishia, ndiyo, lakini kutoa hakukuwa kinga ya msiba, na Eliya hakumwambia mama kwamba mbegu yake ilikuwa ndogo. Alimchukua mtoto mikononi akamlilia Mungu.

La pili ni senti mbili za mjane, Marko 12. Bwana anasema yule mama ametia riziki yake yote. Lakini mistari michache tu nyuma, mstari wa 40, amewakemea waandishi ambao "hula nyumba za wajane, na kwa unafiki husali sala ndefu". Ukigeuza ukurasa anasema hekalu lile halitabakia jiwe juu ya jiwe. Imani ya yule mama aliisifu. Waliojenga utaratibu wa kumaliza riziki yake aliwahukumu, na anayesoma mstari wa 44 bila wa 40 ajiulize amekaa upande gani wa sanduku.

Kisha Malaki 3, zaka kamili ghalani. Ghala lile lilikuwa la nani? Kumbukumbu la Torati 14:28-29 linasema kila mwaka wa tatu zaka iwekwe ndani ya malango, na Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje, wale na kushiba. Wewe, mama, umo katika orodha ya wanaokula. Anayekutoza wewe ili ghala lijae amegeuza torati miguu juu.

Halafu hiyo "mara mia", ambayo ndiyo iliyokuuzia mbuzi. Marko 10:29-30. Bwana anasema aliyeacha nyumba, ndugu, mama, watoto au mashamba kwa ajili yake atapewa mara mia sasa wakati huu, "nyumba, na ndugu waume, na ndugu wake, na mama, na watoto, na mashamba, pamoja na udhia". Hilo la udhia hulimeza. Lakini kuna jambo zito zaidi. Hayo mashamba mia yanatoka wapi? Petro, aliyeambiwa maneno haya, hakupata kuwa na hati ya shamba lolote tunalolijua. Katika Matendo 3 anasema wazi, fedha na dhahabu sina. Alipata nyumba za waumini zilizomfungulia mlango kutoka Yafa hadi Antiokia, na ndugu waliouza viwanja ili asiwepo mhitaji kati yao. Ahadi ya Bwana ilitimia kupitia mikono ya kanisa. Kwa hiyo ukiniuliza mara mia yako iko wapi, nitakujibu: iko kwenye vihenge na mashamba ya washirika wenzako, na hawajakulipa. Ninyi mlio na eka kumi na jembe la ng'ombe, mnaokaa mabenchi ya mbele, hili mmelisikia. Mjane aliyepoteza shamba kwa kumkataa mganga anawadai shamba.

Nageukia kwa mzee wa kanisa lako, kwa heshima yake, maana kosa lake ni dogo kuliko la yule wa jukwaani, ila linaumiza kwa muda mrefu zaidi. Heri wenye kuudhiwa, kweli. Waebrania 10:34 inawasifu waliokubali kwa furaha kunyang'anywa mali zao. Lakini furaha ile walikuwa nayo wenyewe. Haikuwa amri ya wazee walioshiba kwa wajane wasio na mtama. 1 Wakorintho 6 inakataza ndugu katika Kristo kushitakiana mbele ya wasioamini wakati kanisa lingeweza kuamua. Je, kanisa lenu limeamua? Mzee amekwenda kwa huyo shemeji hata mara moja? Paulo mwenyewe alipokaribia kudhulumiwa alikata rufani kwa Kaisari. Na Bwana alipotaka kutufundisha kusali bila kukata tamaa, Luka 18, alimchukua mjane anayekwenda na kurudi mahakamani akisema, "Nipatie haki na adui wangu." Angeweza kutoa mfano wa mjane aliyenyamaza. Hakutoa.

Hapa nitakwambia jambo ambalo huenda halitakufurahisha. Si yote uliyotendewa ni mateso kwa ajili ya Kristo. Kushukiwa uchawi kwa sababu umekataa ramli, hilo ni kuudhiwa kwa ajili ya jina lake, na una thawabu. Lakini ng'ombe wamechukuliwa kwa sababu ni ng'ombe. Wajane wasiomjua Yesu wananyang'anywa vivyo hivyo kila msimu, hapa Dodoma na kwingine. Hiyo inaitwa dhuluma, na dhuluma ina ofisi zake.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema mjane yuko huru kuishi anapotaka, kukaa bila mume, au kuolewa na mwanamume amtakaye, mila iseme isemavyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Sitakudanganya: kwenye mirathi, sheria ya mila bado inambana mjane, na wapo watakaokusomea hiyo. Lakini watoto wako ni warithi wa baba yao hata kwa mila, kwa hiyo usidai kwa jina lako peke yako. Chukua cheti cha ndoa, cheti cha kifo na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nenda kwanza kwa mtendaji wa kijiji, kisha mahakama ya mwanzo uombe mirathi ifunguliwe. Kabla ya hapo tafuta msaidizi wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanatambulika rasmi, na asiye na uwezo hahudumiwi kwa malipo. Wakikutishia kwa hilo neno la uchawi, usingoje mirathi, nenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Katika nchi hii watu wameuawa kwa neno hilo. Na muulize mtendaji kuhusu TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, maana kaya yako ndiyo iliyokusudiwa. Kupokea fedha hiyo si kupungukiwa imani.

Kurudi kwa shemeji: hapana. Ndoa ya Kikristo inataka watu wawili wakubaliane kwa hiari, na wewe unasukumwa na sufuria tupu. Kama ana mke nyumbani, ndiyo kabisa. Lakini usiwakatie watoto ukoo wa baba yao. Yule bibi anayetembea gizani na kibuyu cha maziwa anafanya ujasiri wake mwenyewe ndani ya nyumba anayoiogopa. Muombee kwa jina. Siku ya kesi usimtaje.

Sasa faraja, ambayo ndiyo uliyoiuliza hasa. Umesema unaitafuta huioni, nami nadhani umefundishwa kuitafuta mahali isipokuwepo, kana kwamba ni hali fulani moyoni inayomshukia mwenye imani ya kutosha. Mwaka 203 kule Karthago, Afrika ya Kaskazini, mama kijana aitwaye Perpetua, mwenye mtoto anyonyaye, alifungwa kwa kuwa Mkristo. Baba yake alikuja gerezani akamsihi aikane imani kwa ajili ya mtoto, kama ukoo wako wanavyokuonyesha watoto wako. Ameandika jinsi alivyoteseka kwa wasiwasi juu ya mwanawe, na jinsi gereza lilivyogeuka kuwa kama ikulu kwake siku aliporuhusiwa kukaa naye humo. Faraja yake siku ile ilikuwa na uzito wa mtoto mchanga. Paulo naye anakiri katika 2 Wakorintho 1 kwamba alilemewa hata akakata tamaa ya kuishi. Alifarijiwaje? Sura ya 7 mstari wa 6: Mungu "alitufariji kwa kuja kwake Tito". Mtu alifika akiwa na vumbi la safari miguuni, akakaa naye.

Basi usijilaumu kwamba ukipiga magoti usiku husikii kitu. Sali Zaburi ya 13, "Ee BWANA, hata lini utanisahau", uiseme kwa sauti, kwa Kigogo ukitaka. Hilo ni neno la Mungu, mwombaji hahukumiwi kwa kulisema. Na usisali peke yako. Wakusanye wajane wengine wa mtaa, hawakosi, msali nyumbani kwako Jumatano, kila mmoja aje na alichonacho hata kama ni mlenda mkavu, mle pamoja. Mpe mchungaji wako barua hii. Mwambie nimeuliza ni nani kati ya washirika atakayekupa eka moja ya kulima msimu huu, na nani atakwenda na wewe kwa mtendaji, maana mjane akienda peke yake ataambiwa arudi kesho.

Zimebaki laki mbili ulizoahidi. Hudaiwi. Katika Marko 7 Bwana anawakemea waliosema mali fulani ni Korbani, wakfu kwa Mungu, huku wazazi wao wakikosa msaada. Nadhiri inayomnyima chakula mtu uliyepewa umtunze Mungu haipokei, sembuse uliyovutwa kuitoa kwa ahadi ya uongo. Wakipiga tena waambie mchungaji wako amekuzuia, na wakibisha waje wazungumze naye. Wakiendelea, kijana yeyote mwenye simu atakuonyesha jinsi ya kuifungia namba yao. Fedha ukiipata nunua mbegu ya uwele kabla ya Desemba, na daftari za watoto.