Likizo ya Juni: tuanzie Feri au maktaba?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Naishi Tabata, Dar es Salaam, na wanangu wawili. Wa kiume yuko darasa la nne, mdogo wake wa kike yuko chekechea. Likizo imefika na nyumbani ni katuni asubuhi hadi jioni. Nataka kuwatoa, na nataka wasome, ila mkubwa ameshaniambia vitabu ni vya mtihani. Pesa yenyewe ya kuunga. Nianzie wapi?
Mama Wawili, Tabata

JIBU: Marahaba, Mama Wawili. Usianzie maktaba. Wapeleke kwanza mahali watakapoona kitu cha kuwatia maswali, maktaba ifuate wakiwa na hamu ya kujua. Nimefundisha shule ya msingi Temeke miaka mingi, na mtoto anayesema vitabu ni vya mtihani mara nyingi hajawahi kuachiwa achague kitabu mwenyewe.

Mimi ningeanza na soko la samaki pale Feri. Wahini asubuhi, wavuvi wakiwa bado wanashusha mzigo. Msikimbilie kununua. Nendeni waliko wauza pweza, umsalimie muuzaji vizuri, umwombe mtoto aguse mkono wa pweza mbichi ambaye bado hajapigwa kulainishwa. Vile vikombe vidogo vilivyojipanga chini ya mkono hunata kwenye kidole, na ukivuta unasikia kabisa vinavyobanduka. Mdogo atapiga kelele. Mkubwa ataanza: mbona hana mifupa? Anatembeaje? Hapo, mwanangu, jizuie. Usimjibu hata kama unajua. Mwambie aandike swali kwenye daftari, mtalitafuta.

Nawisheni mikono kwa sabuni, shombo isiingie kwenye kurasa za watu, kisha pandeni basi la Mwendokasi pale Kivukoni, mshuke kituo cha DIT na kutembea Barabara ya Bibi Titi Mohamed hadi Maktaba Kuu ya Taifa. Jengo hilo Mwalimu Nyerere alilifungua Desemba 9, 1967, na lina sehemu ya watoto. Juni ni kipupwe, jua halichomi sana, miguu midogo inaweza.

Ukifika kaunta usiseme “naomba kitabu kizuri cha mtoto.” Utapewa chochote kilicho karibu. Mwache mkubwa aseme mwenyewe anachotaka: kitabu cha pweza, au cha wanyama wa baharini. Kisipopatikana cha Kiswahili, chukueni ensaiklopidia ya watoto ya Kiingereza, mtazame picha na kutafsiri pamoja. Siku atakapokuta kwa macho yake kwamba pweza ana mioyo mitatu na damu ya buluu, hutamsikia tena akitaja mtihani.

Kupima kama kitabu kinamfaa, afungue ukurasa wa katikati na kusoma kwa sauti. Kila neno asilolijua akunje kidole. Mkono mzima ukikunjwa kabla ukurasa haujaisha, hicho msomee wewe, yeye atafute chepesi zaidi. Na akichagua kitabu cha picha “cha watoto wadogo,” mwache! Wazazi wengi tunaharibu hapo hapo, tunamnyang’anya mtoto kitabu alichokipenda na kumpa kinene kwa sababu kinaonekana cha maana. Mdogo wake asiyejua kusoma asimuliwe picha, na anayemsimulia awe kaka yake. Anayesomea mwenziwe husoma kwa bidii kuliko anayeamrishwa na mama.

Wiki nyingine nendeni Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Kuna msonge wa Wahaya, nyumba ya nyasi kuanzia juu hadi chini, na tembe la Wagogo lenye paa bapa la udongo. Ingieni ndani, msiishie kupiga picha nje. Watoto wainame mlangoni, wazoee giza, waulize moshi ulitokea wapi na mbuzi walilala wapi. Baada ya hapo hadithi za sungura na fisi, na za mabibi wa zamani, zinapata nyumba ya kukaa kichwani mwao. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, nayo ni ya siku nzima kwa mtoto anayependa mafuvu: waulizeni habari za Zinjanthropus, fuvu la kale la jamii ya binadamu lililogunduliwa na Mary Leakey kwenye Bonde la Oldupai mwaka 1959.

Kuhusu vitabu vya kununua, ukiwa na akiba kidogo tafuta vya Kiswahili vilivyotoka chini ya Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991. Vimeandikwa na watu wa hapa kwa ajili ya watoto wa hapa, na kijana wako atawakuta humo watoto wanaokula ugali na kuchota maji kama majirani zake. Pia pitia wauza vitabu vya mtumba wanaotandaza barabarani mjini. Kagua kurasa zote kabla ya kulipa, maana kitabu kilichokosa mwisho kinamuumiza mtoto vibaya.

Kuazima kitabu na kwenda nacho nyumbani kunahitaji uanachama, kwa hiyo siku ya kwanza uliza masharti na ada, mara hii mketi na kusomea hapo hapo. Mkishajiandikisha, tarehe ya kurudisha iandikwe kwenye kalenda ya sebuleni, na mshika kadi awe yule wa darasa la nne.