Kwa mwalimu aliyeletewa insha 41 zinazofanana

"Shikamoo Mwalimu. Nimesahihisha kazi za likizo za Jiografia mpaka nimeweka kalamu chini. Swali lilikuwa mmomonyoko wa udongo. Wanafunzi 41 wameniandikia kitu kimoja, hadi mikato. Wamechota kwenye akili mnemba, kwenye simu za kaka na dada zao. Sasa mimi kazi yangu hapa ni nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Usiku ule nilikujibu maneno mawili ya kukutuliza, kisha sikulala vizuri. Kwa ruhusa yako nakujibu hapa kwa kirefu. Najua wapo walimu wengi wenye swali hilohilo mfukoni, na mimi mwenyewe liliwahi kunitoa machozi kabla akili mnemba haijasikika huku kwetu.

Nafundisha Fizikia katika shule ya kata mkoani Singida, mwaka wa kumi na nne sasa. Miaka ya mwanzo nilikuwa mtu wa notisi. Nilikuwa na kauntabuku tatu za kwaya nne, nimezifunika kwa karatasi ya kaki, kila mada imo, michoro yote ya rula. Naingia darasani, najaza ubao kuanzia kushoto, nikifika kulia nafuta kushoto, na wanafunzi sabini na ushee wameinamisha vichwa kama watu wanaopalilia. Ukimya ule niliuita nidhamu. Walimu wa shule jirani walikuwa wanaziazima kauntabuku zangu wakatoe fotokopi. Nikipita stendi naitwa "Mwalimu wa notisi", na moyo unajaa.

Mwaka 2017 rafiki yangu aliniazima projekta. Usiku wa siku tatu nikahamishia kauntabuku kwenye kompyuta mpakato, zikatoka slaidi 46. Ikatokea siku hiyo kuna afisa amekuja kukagua, na mkuu wa shule akamleta darasani kwangu kwa fahari. Robo saa ya kwanza iliishia kwenye waya usiokubali kuingia. Mwanga wa dirishani ukafifisha maandishi, tukaziba kwa mashuka ya bwenini. Slaidi ya nne, umeme ukakatika. Yule afisa akafunga daftari lake, akasimama, akaniuliza mbele ya wanafunzi wangu: "Mwalimu, leo umefundisha nini?"

Sikuwa na jibu. Swali lile bado liko kooni mpaka leo. Nilipotoka nje nilisimama nyuma ya choo cha walimu nikalia, mtu mzima.

Kwa muda mrefu nililaumu umeme. Ilinichukua miaka kukubali kwamba hata umeme ungekaa, wanafunzi wangenakili zile slaidi 46 kama walivyokuwa wakinakili ubao. Nilichobadilisha ni ukuta tu.

Kilichonifungua macho ni Corona. Tarehe 17 Machi 2020 Waziri Mkuu alipotangaza kufungwa kwa shule, nilifungua kundi la wazazi la WhatsApp. Katika darasa la wanafunzi 72, wazazi waliopatikana humo walikuwa tisa. Kila asubuhi nikawa napiga picha kurasa za kauntabuku na kuzituma. Msimu wa kuvuna alizeti ukafika, siku moja nikakutana na kijana wangu mmoja wa Kidato cha Pili njiani, gunia begani. Nikamwuliza kama notisi zinamfikia. Akatua gunia, uso umechangamka: "Zinafika Mwalimu, kwa simu ya dada. Nimeshanakili zote." Nikafurahi. Nikamwuliza kitu kidogo tu cha humohumo: kwa nini taa ya pikipiki hufifia betri ikichoka? Akatazama chini, akachora mchanga kwa kidole cha mguu. Alikuwa amenakili kurasa zaidi ya thelathini, mwandiko mzuri, na ndani ya kichwa chake hakukuwa kumeingia kitu.

Mtoto yule alikuwa mtiifu. Alifanya kile hasa nilichomfundisha.

Ndiyo maana, mdogo wangu, nilipousoma ujumbe wako sikuwakasirikia wanafunzi wako. Niliwaona walewale wa kwangu. Sisi ndio tuliowaambia kwamba kusoma ni kuhamisha maneno kutoka mahali pamoja kwenda daftarini bila kuyagusa, ubaoni jana na kwenye simu leo. Akili mnemba imewapunguzia mwendo tu. Inauma kulisema hili kwa mtu aliyelala macho akiandaa notisi, lakini tulikuwa tumeshawafundisha kunakili kabla mashine haijaja kuwasaidia.

Shule zilifunguliwa mwishoni mwa Juni, na mambo yakarudi kama zamani, nami nikarudi nayo. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu vikagawiwa walimu, nami nikapata changu. Nakiri kwamba kwa miezi mingi kilikuwa cha mwanangu kuangalia katuni. Wenzangu wengine walivifungia kabatini wakiogopa kuvivunja. Tulisaini kukipokea kifaa, na hakuna aliyetuuliza tutakitumia kuamsha nini kichwani mwa mtoto.

Siku niliyoanza kufundisha kweli naikumbuka. Kuna zana za bure za sayansi ziitwazo PhET, kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Zilianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel wa Fizikia. Unapakua ukiwa na bando, kisha unatumia bila intaneti kabisa. Mojawapo ni ya kuunganisha saketi: unaburuta betri, waya, taa, swichi. Niliingia nayo Kidato cha Pili kwenye kishikwambi kimoja, nikawagawa makundi, kila kundi likapewa dakika zake huku mengine yakichora saketi zao daftarini wakisubiri zamu. Sikuandika hata mstari mmoja ubaoni. Niliwapa jambo moja: iwasheni taa, halafu mniambie mlichokiona.

Kundi la tatu wakaweka waya kutoka upande mmoja wa betri hadi mwingine, wakairuka taa. Betri ikawaka moto kwenye kioo. Kelele zilizopigwa zilimtoa mwalimu wa darasa la jirani. "Imepiga shoti! Imepiga shoti!" Katikati ya kelele, binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa mwaka mzima sikuwa nimeisikia sauti yake zaidi ya kuitika jina, akauliza kwa Kiswahili: "Lakini Mwalimu, kwa nini umeme umeiacha taa ukapita kwenye waya?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa kwenye kauntabuku ya pili, nimelipigia mstari mwekundu. Nikauma ulimi. Nikaligeukia darasa: "Mmesikia swali la mwenzenu? Nani ana wazo?" Kijana mmoja akasema umeme unapenda njia fupi. Mwingine akabisha, akarefusha waya kwenye kioo ukazunguka mbali, na moto ukawaka vilevile. Wakanyamaza wakifikiri, na ukimya huo haukufanana kabisa na ule wa kunakili. Mwisho yule binti mwenyewe akasema taratibu, kama anayejisemesha: "Kwa hiyo taa inauzuia, waya hauuzuii."

Huo ndio ukinzani. Alikuwa ameufikia mwenyewe, kwa lugha yake. Tunajua sote kuwa kuanzia Kidato cha Kwanza watoto wetu wanatoka kwenye Kiswahili cha msingi na kutupwa kwenye Kiingereza, na wengi hunyamaza kwa sababu ya lugha, mwalimu akadhani hawaelewi somo. Mashine ile ilimwezesha kuonyesha anachoona kwa kidole kwanza, maneno yakafuata. Nilimpa neno la Kiingereza baadaye, likakaa. Kesho yake tukaja na betri za tochi, waya na taa ndogo, tukarudia kwa mikono, kila mmoja akaushika waya wa shoti kwa sekunde moja akausikia unavyopata joto.

Nilipotoka darasani siku ile nilikuwa na jibu la kumpa yule afisa, miaka sita baadaye.

Si kila mtu alipenda. Kwenye kikao, mwenzangu mmoja alisema kuna walimu wanaofundisha na kuna wanaoonyesha sinema. Watu wakacheka. Liliniuma, na bado linaniuma nikilikumbuka. Hata hivyo mzee wetu wa Kiswahili, aliyebakiza miaka miwili kustaafu, hakucheka. Tulipokutana kwenye jumuiya yetu ya ujifunzaji ya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, akaniomba nimwonyeshe kurekodi sauti. Sasa wanafunzi wake wanajirekodi wakighani mashairi, kisha wanajisikiliza na kujisahihisha vina. Mzee anakaa pembeni, mikono nyuma, anasikiliza. Aliniambia hajawahi kuchoka vile tangu aanze kazi, maana sasa inambidi amsikie kila mtoto.

Hapo ndipo kazi yetu ilipohamia. Kutoa maneno si kazi yetu tena. Vitabu vya kiada vipo kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), unavisoma bure. Kazi yetu ni kuuliza, kusikiliza, na kugundua ni wapi hasa mtoto huyu amepotea. Na ni kazi nzito zaidi. Anayekuambia teknolojia inampunguzia mwalimu kazi hajawahi kusimama mbele ya watoto sabini wenye maswali.

Akili mnemba nayo niliiingiza darasani kwa mlango wa mbele. Mwaka jana kijana wa Kidato cha Tatu alileta jibu la hesabu ya umeme kutoka kwenye simu ya kaka yake: taa ya wati 10, ikiwaka saa 5 kwa siku kwa siku 30, itatumia uniti ngapi? Jibu lilikuwa limepangwa vizuri, hatua kwa hatua, na mwisho likasema uniti 1,500. Sikumgombeza. Nililiandika lote ubaoni, nikakaa. Ikapita kama dakika mbili, msichana mmoja akanyanyua mkono: "Mwalimu, uniti elfu moja na mia tano kwa taa moja? Nyumbani tunanunua LUKU uniti kumi na tunakaa nazo." Darasa likalipuka. Wakatafuta kosa mpaka wakalipata: uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, na hakuna aliyegawa kwa 1,000. Ni uniti 1.5. Tangu siku ile wanafunzi wale wakileta jibu la simu wanakuja wamelishuku kwanza.

Basi ushauri wangu, na nauomba uushike. Anza na swali, kifaa kifuate. Ukiwa huna swali zuri, kishikwambi kiache ofisini. Kijaribu nyumbani usiku, zaidi ya mara moja, na uwe na njia ya pili umeme ukikatika, kwa sababu utakatika. Uliza swali ambalo jibu lake halipo kwenye simu ya mtu yeyote. Na ukishauliza, nyamaza. Walimu tunaogopa kunyamaza. Tunadhani mshahara ni wa kuongea. Jizuie. Mtoto akikwama, mwongezee swali, usimpe jibu. Nakwambia tena, anza na swali.

Nawaambia na wakuu wa shule wanaosoma hapa: mwalimu akijaribu akashindwa, msimwaibishe mbele ya wanafunzi wake. Mkitaka kumsema, mwiteni ofisini.

Sasa tuje kwa zile insha zako 41. Uliponiambia shule yako iko Kondoa, nilikaa kitako. Nikakuomba unitumie moja. Nimeisoma mara mbili: kukata miti, mvua kubwa, kilimo kisichofaa, mifugo mingi. Hakuna kosa humo, na hakuna Kondoa. Wilaya ambayo makorongo yake yalifanya serikali ianzishe mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, wilaya ambayo mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika ili ardhi ipumue, na mtoto wa hapohapo ameandika mmomonyoko kama kitu cha nchi ya mbali.

Usiwachape. Usiwape sifuri. Jumatatu warudishie insha bila alama, waambie wapigie mstari kila sentensi inayohusu mahali wanapoweza kufika kwa miguu. Hawataipata hata moja. Kisha watoe nje. Umeniambia kuna korongo kwenye njia ya kisimani. Wapelekeni, wewe na mwalimu mwenzako, wapime kina chake kwa kamba yenye mafundo, na kishikwambi kipige picha mahali palepale leo na baada ya mvua za kwanza. Halafu kila kundi litafute babu au bibi aliyekuwepo mwaka ule wa 1979, wamsalimie vizuri, wamwombe ruhusa ya kumrekodi, wamwulize swali moja: siku ng'ombe wanaondoka, nyumbani kwenu ilikuwaje?

Jana usiku umeniandikia kwamba babu wa mmoja wa wanafunzi wako amekubali, ila anataka mwende asubuhi kabla jua halijakali. Hakikisheni kishikwambi kimechajiwa usiku, na mchukue na daftari.