Shangazi, mume wangu alirudisha michango ya harusi

"Shangazi, shikamoo. Tulifunga ndoa Moshi, Jumamosi baada ya Pasaka ya 2020. Kamati ilishakaa, ukumbi tulishaulipia kiasi, ndipo korona ikaingia. Mume wangu anaongoza watalii, na waliochanga wengi ni wenzake wa kazini. Bila kuniuliza, akawarudishia hela zao. Mama yake akaamua sherehe ifanyike kwake Kibosho, watu waje kwa zamu, mbege inywewe kwenye vikombe vya plastiki. Nilitaka kufa kwa aibu. Baba yangu ana pumu, kwa hiyo wazazi wangu walibaki Arusha wakatazama kwenye simu, na mama mkwe akawatumia paja la ndafu kwenye beseni, kama masalia. Mama huyo hajawahi kunitaka. Juzi mdogo wangu ameolewa, ukumbi mzima Njiro ulijaa. Nami nimeamua kufanya harusi yangu upya Desemba. Kundi la kamati la WhatsApp nimeshafungua, michango imeanza kuingia. Mume wangu hajui. Nimwambieje? – Mama G, Sakina, Arusha."

Marahaba, Mama G. Pole. Kukosa siku uliyoiota tangu usichana kunauma, sikatai. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako inanukia harusi ya mdogo wako kuliko korona. Miaka yote hii ulikuwa kimya, mpaka ulipoona taa za Njiro. Usione vyaelea, vimeundwa, na pengine vingine bado vinalipwa.

Hebu turudi kwenye mwaka wenyewe. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, tena hapo hapo Arusha kwenu. Kesho yake Waziri Mkuu akafunga shule na kuzuia mikusanyiko isiyo ya lazima, nyumba za ibada zikaachwa wazi. Ndiyo maana kanisa mlilipata na ukumbi mkaukosa. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Sasa niambie, wale wenzake mumeo, madereva, wapishi wa safari, wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, walikuwa wakila nini? Mgumu asipopanda mlima hana mshahara wa kumsubiri nyumbani. Mumeo naye hakuwa na kazi, lakini alishika hela ya watu mkononi akairudisha. Mimi nimekaa kwenye kamati nyingi, mwanangu. Hela ya mchango naijua inavyoingia, na naijua inavyoyeyuka siku ya kuvunja kamati. Kurudi kwa mwenyewe? Nyota njema huonekana asubuhi, na yako uliiona kabla hujavua shela, ukanuna.

Kosa lake moja nampa: angekuambia kwanza. Ila wewe mwenye kamati ya siri huna mdomo wa kulisema hilo.

Tuje kwa mama mkwe. Mbege yetu wengi huinywa kwa kata moja, inatoka mdomo huu inaingia ule, na kwenye sherehe wa kwanza kupewa ni wazee. Mwaka ule angeiacha izunguke? Yule mama alivunja mila mbele ya ukoo wake ili asizike mtu kwa sababu ya harusi yako, wewe unaona plastiki. Na hilo beseni, mama asiyekutaka hampelekei mama yako paja la ndafu. Angelila na majirani zake, nanyi msingejua. Alihakikisha mezani kwenu Arusha panaliwa nyama ile ile iliyoliwa Kibosho. Masalia umeyaongeza wewe.

Siku hizi mmeibeba sherehe mkaiacha ndoa barabarani. Mtu anakopa kikoba alipie mapambo na MC, wanarudi kwao kugombania marejesho, mwaka haujaisha kila mtu yuko kwa mama yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mashahidi wawili. Keki haijatajwa. Korona iliwaozesha watu wengi kwa mashahidi hao hao, na ndoo ya maji na sabuni mlangoni, na wapo wanaoishi vizuri tu. Wewe mmojawapo, kwa sababu katika barua nzima hujasema mumeo anakupiga, analewa, wala hatunzi watoto. Nimeisoma mara mbili nikitafuta.

Ukitaka shukrani, fanyeni ibada, mpike nyumbani kwa hela yenu, uwaite wale waliorudishiwa michango. Wale wanakudai chakula. Na mama mkwe aketi mbele.

Leo usiku mwambie mumeo mwenyewe, kabla hajaambiwa. Kundi la WhatsApp Arusha hii, na wewe unadhani hajui? Waliokwisha kutuma, rudishia kila mtu chake, na makato ya kutuma yatoke mfukoni mwako. Ukikwama muulize mumeo, anajua inavyofanyika.